Presha Haiogopi Sare ya Askari

Wengi wetu vijijini hudhani kwamba presha, yaani shinikizo kubwa la damu, ni ugonjwa wa matajiri wanene wa mjini. Mimi ni karani wa parokia, si mganga. Lakini kaka yangu ni askari polisi, na mambo yake yamenifundisha, nami nawaeleza ninyi akina baba na akina mama.

Kaka ni mtu wa miraba minne, hata kichwa hakimwumi. Mwaka jana alipimwa, ikaonekana 170 kwa 110. Akapimwa siku nyingine, ikawa vile vile. Mtu mzima akionekana na 140 kwa 90 au zaidi, tena kwa siku mbalimbali, huhesabiwa kuwa na ugonjwa huo. Yeye akacheka: "Mdogo wangu, naumwa nini mimi?"

Hapo ndipo penye hatari. Damu husukuma mishipa kupita kiasi, na mwenyewe hasikii kitu, mpaka siku moja mshipa wa kichwani uzibe au upasuke, apooze upande mmoja. Ndivyo tulivyompoteza baba yetu, na majirani wakasema amerogwa.

Kwa nini askari? Fikirini kazi yake. Juma hili analinda usiku, juma lijalo mchana, usingizi hautoshi. Hula njiani vyakula vyenye mafuta na chumvi tele. Hubeba moyoni hofu ya majambazi na huzuni ya ajali za barabarani, kisha hutafuta kitulizo katika pombe na sigara. Akipewa kazi ya mezani, tumbo huota. Hayo yote huleta hatari, na zaidi kwa mtu ambaye mzazi wake alikuwa na presha.

Shauri lake si gumu. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku nzima. Pombe ipunguzwe, sigara iachwe, mwili utembezwe. Dawa imezwe kila siku hata mtu akijiona mzima, kwa maana dawa ndiyo iliyoshusha presha. Akiiacha, hupanda tena. Siku hizi shemeji yangu humhesabia kaka vidonge kila asubuhi, naye humeza, ingawa kwa kunung'unika.

Basi, wenye jamaa katika polisi, wakija likizo msiwaulize habari za mshahara tu. Waulizeni pia: "Umepimwa lini?"