Spika ya Kulia

Mjomba wangu aliendesha malori ya mizigo kati ya Mombasa na Kampala kwa miaka 27. Alipostaafu, ndugu zake walitarajia anunue ng'ombe. Yeye akanunua Mazda MX-5 nyekundu ya mtumba, gari la viti viwili ambalo paa lake la turubai hukunjwa na kulazwa nyuma. Mama alisema kaka yake amerukwa na akili. Mimi nilifurahi, maana kila Ijumaa alikuja kunichukua chuoni, na wenzangu wa darasa la Kiswahili walitoka nje kututazama.

Kiswahili chenyewe nilikipata kwake kabla sijakipata darasani. Nyumbani tunasema Kiganda, lakini yeye alirudi kila safari na maneno mapya ya barabarani, mengine hayafai kuandikwa hapa. Mpaka leo ananiita "mwalimu" kwa utani, na tukiwa garini hatusemi lugha nyingine.

Gari lilikuja na redio yake ya Kijapani. Wanaotumia magari ya mtumba wanaijua adha hii: redio za Japani za zamani hushika FM kuanzia 76 hadi 90 tu, kwa hiyo stesheni nyingi za Kampala hazipatikani. Mjomba hakujali. Alikuwa na sanduku la kanda za rumba ya Kongo alizonunua njiani miaka hiyo ya lori, na redio ilikuwa na mahali pa kanda. Lalamiko lake lilikuwa moja tu: "Spika ya kulia imekufa."

Alilipeleka gari gereji mara tatu. Mara ya pili alibadilishiwa spika. Mara ya tatu fundi alifanya jambo la busara: alihamisha waya, wa kulia akaupeleka kushoto na wa kushoto kulia. Kama spika ni mbovu, itabaki kimya hata ikipewa waya mwingine. Kama waya ndio mbovu, ukimya utahamia upande wa pili. Spika zote mbili ziliimba. Mjomba alisikiliza, akatikisa kichwa, akalipa, na njiani akaniambia kuwa vijana wa siku hizi hawana masikio.

Hapo nikajipa kazi ya kurekebisha sauti mwenyewe. Redio ina marekebisho mawili: moja hugawa sauti kati ya kulia na kushoto, jingine kati ya mbele na nyuma. Gari letu halina nyuma, kwa hiyo hilo la pili hugawa sauti kati ya spika za milangoni na zile ndogo zilizofichwa ndani ya viegemeo vya kichwa. Hizo za viegemeo ni uvumbuzi mzuri, kwa sababu paa likiwa wazi upepo hula sauti nzito zote, na spika iliyo kando ya sikio haiibiwi kirahisi. Kwa sababu hiyo hiyo, kurekebisha sauti gari likiwa limeegeshwa chini ya mwembe ni kujidanganya. Ukifika kilomita 80 kwa saa, kila ulichopanga kimepeperuka.

Nilijifunza pia kwamba sauti ya mtu anayezungumza inafaa kuliko muziki kwa kazi hii. Ikiwa spika mbili zinatoa sauti ile ile kwa nguvu sawa, na wewe umekaa katikati yao, utaisikia kana kwamba inatoka katikati ya dashibodi ambako hakuna spika. Alan Blumlein, mhandisi wa Uingereza aliyeomba hataza ya mfumo huu mwaka 1931, aliujenga juu ya jambo hilo: tuna masikio mawili, na ubongo hulinganisha yanayoingia kulia na yanayoingia kushoto. Lakini ndani ya gari hakuna anayekaa katikati. Dereva wetu hukaa kulia, karibu na spika ya kulia, na sauti ya hapo humfikia mapema kidogo na kwa nguvu zaidi. Ili aisikie katikati, kitufe huzungushwa kidogo kushoto. Redio ya zamani hurekebisha nguvu tu, ule wakati hauwezi.

Nikakizungusha kidogo kushoto. Ijumaa iliyofuata nikakuta kimezungushwa kulia mpaka mwisho. Nikakirudisha. Ijumaa nyingine kiko kulia tena. Upande wangu nilibaki nasikia upepo tu na nusu ya muziki, kwa sababu katika kanda yake aipendayo zaidi gitaa moja limerekodiwa kushoto na jingine kulia. Kitufe kikifika mwisho wa kulia, gitaa la kushoto halipungui tu, linatoweka kabisa. Hata mjomba alishangaa: "Hii kanda imechakaa. Palikuwa na magitaa mawili hapa."

Mwezi huo nikapata permiti ya udereva, na Jumapili moja alinipa ufunguo. Kwa mara ya kwanza mimi nikakaa kulia, yeye kushoto. Tulipofika barabara ya Jinja nikamuuliza kama nipite lori lililokuwa mbele yetu. Hakujibu. Nikauliza tena. Alikuwa akitazama miwa kwa utulivu, akipiga goti lake kwa mdundo wa wimbo. Nilipomgusa mkono aligeuza kichwa chote kunielekea, akasema, "Unasemaje?" Kisha akaongeza, "Hata ukikaa huku, ile ya kulia bado imekufa."

Nilinyamaza mpaka Mukono. Wakati wote alipokuwa akiendesha, sikio lake la kushoto lilikuwa upande wangu, kwa hiyo tulizungumza vizuri na sikushuku kitu. La kulia lilikuwa dirishani, kama lilivyokuwa miaka 27, kioo kimeshushwa kwa ajili ya joto na injini inanguruma.

Nakiri kwamba sikumwambia siku hiyo. Wala wiki iliyofuata. Wahenga walisema sikio halipiti kichwa, nami nimeiandikia insha methali hiyo nikapata alama nzuri, lakini sikuwahi kuwaza namna mtoto wa dada anavyomwambia mjomba wake kwamba kilichokufa si spika. Niliendelea kurudisha kitufe kushoto kimyakimya, naye kukirudisha kulia, hadi aliposema anataka kununua spika nyingine, kubwa zaidi. Nikaegesha gari. Nikamwomba azibe sikio la kushoto kwa kidole.

Alikaa hivyo muda mrefu, kidole sikioni, kanda ikiendelea kuzunguka. Hakuniuliza nilijua tangu lini. Nilikuwa nimeliandaa jibu, na halikuwa la kweli.

Daktari alimvisha vipokea sauti, akampa kitufe cha kubonyeza kila anaposikia mlio. Upande wa kushoto alibonyeza kama mpiga chapa. Upande wa kulia kidole kilitulia tu. Daktari alieleza kwamba chembe za ndani ya sikio zikishaharibiwa na kelele hazioti tena, na kwamba kifaa cha kusikia kinaweza kusaidia kidogo. Mjomba alisema atafikiri.

Nje, alikunja paa mwenyewe. Akaingiza kanda, akakirudisha kitufe katikati kabisa, akaniuliza, "Huko kwako unasikia yote mawili?"

"Nasikia, mjomba."

"La pili liko upande gani?"

"Kulia."

"Basi likipanda uniambie, mwalimu," akasema, akawasha gari.