Gari la Wanafunzi na Tangi la Madrasa



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi wetu, katika makala zetu tumezoea kuzungumzia tohara, funga na malezi ya watoto. Leo tunaomba mtuvumilie, kwani tunataka kuzungumzia gari. Tena si gari la abiria, bali gari dogo la mashindano, lililoundwa na vijana sita wa chuo kikuu hapa Mbarara. Mmoja wao ni mwanafunzi wetu wa madrasa kutoka Nakivale.

Kwa asiyeifahamu Nakivale, ni makazi ya wakimbizi katika wilaya ya Isingiro, yaliyoanzishwa mwaka 1958. Humo wanaishi Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengineo, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha wengi wetu sokoni na msikitini. Kijana wetu alizaliwa humo kwa wazazi waliotoka Kongo. Alianza kwetu na alifu, akaendelea mpaka akahifadhi juzuu kumi. Kila baada ya darasa alikwenda kukaa na mafundi wa bodaboda, na akirudi mikono imejaa grisi tulimfukuza akanawe kwanza kabla hajaukaribia msahafu.

Alipopata nafasi ya kusoma uhandisi, baba yake alifurahi kwa shingo upande. Yeye alitaka mwanawe awe muuguzi, kazi inayoeleweka. Aliposikia kwamba kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi kijana anakutana na wenzake kuunda gari la mbio, alikuja kwetu baada ya swala ya Alasiri akasema: "Ustadh, huyu mtoto mmoja ndiye tegemeo la nyumba yetu. Mwambie aache mchezo." Tukamwahidi kuzungumza naye.

Basi tukamwita. Akaja na makaratasi mengi, akaanza kutueleza habari za Makerere. Wanafunzi wa chuo kile walishirikiana na wenzao wa vyuo vya nje kubuni gari lililoitwa Vision 200, likaonyeshwa Torino, Italia, mwaka 2008. Waliporudi nyumbani hawakukaa kitako. Novemba 2011 waliendesha Kiira EV, gari la umeme la watu wawili, lililopewa jina la bwawa la umeme la Kiira kule Jinja. Februari 2016 kazi hiyo ilizaa basi la Kayoola, lenye paneli za jua juu ya paa. "Ustadh," akasema, "nao walianza wakiwa wanafunzi."

Halafu akatuonyesha kanuni za mashindano yaitwayo Formula Student. Asili yake ni mashindano ya wanafunzi yaliyoanza Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Uingereza ikaanza ya kwake mwaka 1998. Wao hawakuwa na fedha za kushiriki, lakini walizichukua kanuni zile kama kitabu cha kusomea. Tulikaa tukasoma naye. Tulidhani tutakuta habari za kasi tu, kumbe alama zote ni 1,000, na takriban theluthi yake hutolewa gari likiwa limesimama. Wanafunzi huulizwa kwa nini bomba hili lina unene huu, kila nati imegharimu kiasi gani, na nani atalinunua gari kama hili. Dereva lazima aweze kutoka garini ndani ya sekunde 5. Na kabla ya kuruhusiwa kukimbia, gari hupimwa breki: dereva akikanyaga, magurudumu yote manne yagande kwa pamoja. Lisipofaulu hapo, haliingii uwanjani, hata liwe na injini nzuri namna gani.

Kijana akatuuliza hukumu yake. Hapa tulikuwa nyumbani kwetu. Tukamkumbusha kwamba Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliandaa mashindano ya farasi pale Madina. Waliozoezwa walikimbia kutoka Hafyaa mpaka Thaniyyatul Wadaa, na wasiozoezwa walianzia hapo Thaniyya mpaka msikiti wa Bani Zurayq. Ibn Umar (r.a.) alikuwa miongoni mwa washindani, na imepokewa kwamba farasi wake alimrusha mpaka msikitini. Ama zawadi, hadithi inataja ngamia, farasi na mishale. Wapo wanavyuoni waliosimama hapo hapo, na wapo waliokisia juu yake vitu vingine vinavyowajenga watu kwa nguvu na ujuzi. Ikiwa kila mshindani ataweka fedha yake na mshindi azoe zote, hiyo ni kamari. Zawadi ikitolewa na mtu wa pembeni, wengi wameruhusu. Kijana akacheka: "Sisi, Ustadh, hatuna wa kutupa zawadi wala cha kuwekeana." Tukamruhusu aendelee, kwa sharti asikose swala na asifeli mtihani. Baba yake tulimtuliza sisi wenyewe.

Tangu hapo kila mwezi alipokuja kuwaona wazazi alipita kwetu kutoa habari. Mwezi mmoja walikata mabomba ya mraba na kuchomelea fremu, wakakuta imepinda, wakaikata upya. Miezi miwili ilipita bila kufanya lolote kwa sababu ya mitihani. Baadaye walipata injini ya Bajaj Boxer iliyotolewa kwenye pikipiki iliyopata ajali, wakaifunga nyuma ya kiti, cheni ikazungusha ekseli. Kila senti waliiandika katika daftari la kurasa 96, hata chai ya fundi.

Ilipokaribia Idd el Fitr tukapata wazo. Gari lije Nakivale, wazazi walione, labda na mifuko itafunguka kidogo kwa ajili ya madrasa. Kijana akasita. Alisema mfumo wa breki wameufunga juzi na bado una hewa ndani. Alitufafanulia vizuri: mafuta ya breki hayabanwi, kwa hiyo ukikanyaga, nguvu yote hufika kwenye gurudumu. Lakini hewa hubanwa, na ikiwemo, mguu unazama bure. Tukamjibu: "Ni mwendo wa hatua chache tu, mwanangu. Usituvunjie Idd."

Ndugu wasomaji, tumezoea kuandika "sisi", na ni desturi njema ya kalamu, lakini maneno yale yalitoka katika kinywa kimoja, nacho ni cha mwandishi wenu.

Gari likaja juu ya lori dogo lililokuwa likienda Isingiro kubeba matoke. Watoto walijaa uani na nguo zao mpya. Kijana akazunguka mara moja, polepole, watu wakapiga takbira. Mara ya pili akakanyaga breki, mguu ukazama. Mbele yake walikuwapo watoto wapatao kumi. Akakata usukani kulia, akalivamia tangi letu la maji la lita 1,000. Tangi likapasuka, maji yote yakamwagika vumbini. Hakuna aliyeumia ila yeye, alichanika goti. Alhamdulillah.

Mnajua maana ya maji Nakivale. Kina mama walianza kupiga kelele, na sisi tukapaza sauti kuliko wote. Tulimwambia mbele ya baba yake na wenzake kwamba ni mzembe, kwamba anachezea roho za watoto wa watu. Alisimama, damu ikimtoka gotini, akasema: "Nisamehe, Ustadh." Hakuongeza neno. Wenzake walitutazama, maana wao walijua nani aliambiwa nini.

Wiki iliyofuata walituletea shilingi 40,000 pamoja na daftari. Walikuwa wameandika ukurasa mpya: "Deni la tangi la madrasa." Chini yake, kwa mwandiko wa kijana wetu, sababu ya ajali: hewa katika mfumo wa breki, gari liliendeshwa kabla ya kupimwa. Tulitafuta jina letu katika ukurasa ule, hatukulikuta.

Usiku ule hatukulala vizuri. Ijumaa, baada ya swala, tuliomba watu wasiondoke. Tukawaeleza yote: kwamba kijana alituonya, kwamba tuliisikia ile habari ya hewa na tukaielewa, na kwamba tulimtukana kwa kosa letu. Baba yake alikuwa safu ya pili. Hakuinua uso mpaka tulipomaliza. Fedha tulizirudisha, na tangi jipya tulilinunua kwa awamu kutoka katika posho yetu. Vijana walikataa kuzipokea, tukabishana, mwishowe zikanunua mafuta mapya ya breki na mpira mmoja wa kupitishia mafuta hayo.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi uliofuata tulipanda teksi hadi Mbarara, tukiwa na baba yake. Tuliwakuta nyuma ya karakana, gari limeinuliwa juu ya matofali. Mmoja alikuwa anakanyaga pedali, mwingine amelala chini akifungua nati ndogo, mafuta yanatoka na mapovu ndani ya chupa ya soda. "Tena," akasema wa chini. "Tena." Baba akauliza mapovu yale ndiyo hewa yenyewe? Akaambiwa ndiyo. Akakunja kanzu yake, akapiga magoti na kuishika ile chupa, akisubiri mapovu yaishe.