Jina Bila Fasili: Soketi za Unix Katika Windows

Mwanafunzi wa sarufi akisikia neno kiunganishi hufikiria "na", "lakini" na "ilhali". Katika uandishi wa programu za tarakilishi, neno hilohilo laweza kubeba kazi nyingine: ni programu inayochukua vipande vilivyokwisha kutafsiriwa na kompaila, ikavishikamanisha na maktaba hadi vikawa faili moja inayoweza kuendeshwa. Aghalabu wanaojifunza lugha ya C hawakitambui kiunganishi hiki mpaka siku kinapogoma.

Siku hiyo ilimfika mwanafunzi mmoja wa isimu aliyejifunza C kando ya masomo yake. Alikuwa ameandika programu ndogo ya kamusi: tarakilishi moja ihifadhi msamiati, nyingine ziiulize maana za maneno kupitia mtandao. Katika Linux ya rafikiye ilifanya kazi bila kinyongo. Hata hivyo, maonyesho mbele ya wenzake yalikuwa yafanyike katika chumba chenye tarakilishi za Windows pekee, na zilibaki siku mbili. Aliondoa sys/socket.h, akaweka winsock2.h mahali pake. Kompaila ikaridhika. Kisha kiunganishi kikamjibu, kwa Kiingereza, kwamba rejeleo la socket@12 halina fasili. Alipitia kila mstari akitafuta kosa la tahajia. Tahajia ilikuwa sahihi.

Ujumbe huo wastahili kusomwa kwa jicho la mwanaisimu. Faili ya kichwa hutangaza tu kwamba ipo fankisheni iitwayo socket, na kwamba hupokea hoja tatu. Fasili yake imo katika maktaba. Kompaila hutosheka na tangazo. Kiunganishi hudai fasili yenyewe. Hata ile 12 inayoning'inia mwishoni si pambo. Ni mfano wa kiambishi tamati kinachoonyesha kwamba hoja tatu, kila moja ya baiti 4, huhitaji nafasi ya baiti 12. Katika Windows ya biti 64 kiambishi hicho hakipo.

Mbona Linux haikulalamika? Soketi zilienea kupitia Unix ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika toleo la 4.2BSD la mwaka 1983. Katika Linux zimo ndani ya maktaba kuu ya C, ambayo huunganishwa bila kuombwa. Windows ilizipokea baadaye, kwa maafikiano yaliyoitwa Winsock, ambayo toleo lake la 1.1 lilitoka mwaka 1993. Zikawekwa katika maktaba ya pembeni. Ile ya Winsock 2 huitwa ws2_32. (Windows haiko peke yake katika hili: Solaris za zamani nazo zilidai -lsocket na -lnsl.) Kwa hiyo, anayetumia MinGW hana budi kuitaja maktaba hiyo waziwazi:

gcc kamusi.c -o kamusi.exe -lws2_32

Mpangilio nao una sarufi yake. Kiunganishi husoma kutoka kushoto kwenda kulia, na katika maktaba huchota vile tu ambavyo vimekwisha kuhitajiwa. -lws2_32 ikitangulia kamusi.c, hakuna bado anayeihitaji, na lalama zilezile hurudi. Hapo mwanafunzi alipoteza jioni nzima, ilhali neno sahihi alikuwa nalo mkononi.

Programu ilipounganika, ilikataa kuzungumza. Winsock hutaka kupigiwa hodi: WSAStartup iitwe kabla ya fankisheni nyingine, la sivyo hutokea kosa nambari 10093. WSACleanup ndiyo kwaheri. Unix haina desturi hiyo.

Hatari kubwa zaidi imo katika majina yanayofanana. Katika Unix, soketi hushikwa kwa nambari kama faili yoyote, na hufungwa kwa close. Windows pia ina close, ila ni ya faili za kawaida. Soketi hufungwa kwa closesocket. Ni kama neno kaa, ambalo mmoja akilitamka kwa maana ya mnyama wa baharini, mwenzake huenda akavuta kiti. Kompaila hukubali, kiunganishi hukubali, na soketi hubaki wazi. Lile kosa la kwanza, pamoja na ukali wake, angalau lilipiga kelele.

Ipo njia ya mkato. Cygwin huiga mazingira ya Unix kiasi kwamba sys/socket.h hubaki palepale, wala ws2_32 haitajwi. Lakini programu hiyo hailiachi nyuma faili la cygwin1.dll popote iendapo, na mwanafunzi alitaka faili moja tu ya kubeba hadi chumba cha maonyesho.

Maonyesho yalifanyika. Faili ya kamusi.c sasa ina matawi mawili chini ya #ifdef _WIN32: moja lenye winsock2.h na hodi yake, la pili lenye vichwa vya Unix. Kila palipokuwa na close pana jina alilolibuni mwenyewe, funga_soketi, na kila tawi hulipa fasili yake.