Neno Baridi katika Lugha Tatu

Wako watu wadhanio kwamba kutafsiri ni kubadili neno kwa neno, kama mtu abadilivyo noti kwa sarafu. Mimi sioni hivyo. Kila lugha ina nchi yake, na nchi ina jua lake na upepo wake. Maneno huota humo kama miti. Nitawaonyesha jambo hili kwa neno moja tu, neno baridi, katika Kiingereza, Kislovakia na Kiswahili.

Slovakia ni nchi ndogo ya katikati ya Ulaya, isiyo na pwani. Kaskazini iko milima ya Tatra, ambayo kilele chake kirefu kuliko vyote, Gerlach, kina mita 2,655. Katika Kislovakia neno "zima" lina maana mbili: ni baridi, tena ni majira yale ya theluji, tangu Desemba hata Februari. Kwa watu wale baridi si jambo la asubuhi moja. Ni robo ya mwaka mzima. Pwani yetu tuna kipupwe, nacho hutufanya tujifunike shuka, lakini maji ya mtungini hayagandi.

Sasa tazameni. Mwingereza akitetemeka husema, "I am cold," yaani, ukiyafuata maneno yenyewe, "Mimi ni baridi." Mslovakia husema, "Je mi zima," yaani, "Kwangu kuna baridi." Mswahili husema, "Nasikia baridi." Wa kwanza amekuwa baridi yeye mwenyewe, wa pili baridi imemfikia, wa tatu aisikia, kama asikiavyo hodi mlangoni. Rafiki yangu mmoja, Mslovakia, alinieleza kwamba mtu akiiga Kiingereza na kusema kwao, "Som chladný," watu watadhani ajisema kuwa hana upendo. Na kwetu, "Mimi ni baridi" ni maneno ambayo maji ya mtungini yangesema, kama yangekuwa na kinywa.

Hata mafua yana habari yake. Mwingereza huyakamata mafua, "to catch a cold," kama mtu akamataye kuku. Mslovakia husema "prechladnúť," yaani kupoa kupita kiasi. Lakini kwetu mafua ndiyo yamshikayo mtu, wala si mtu ayashikaye.

Tena iko misemo. Mtu aliyeahidi jambo, kisha akaogopa siku ilipofika, Waingereza husema amepata miguu ya baridi, "cold feet." Ukiyaandika hayo kwa Kiswahili, msomaji atamtafutia mtu huyo soksi. Mslovakia husema tu, "Dostal strach," amepata hofu. Nasi husema ameingiwa na hofu. Na mtu akikataa kumwangalia mwenziwe, Mwingereza husema amempa bega la baridi, "the cold shoulder." Mslovakia husema amemgeuzia mgongo. Sisi husema amempa kisogo, na wazee wametuonya: akupaye kisogo si mwenzio. Bega, mgongo na kisogo ni viungo vitatu, lakini uchungu wake ni mmoja.

Mahali pengine Mwingereza na Mslovakia hupatana. Wageni wakikaa kimya kwa haya, na mmoja akaanzisha mazungumzo, wote wawili husema amevunja barafu: "to break the ice," "prelomiť ľady." Maana zamani katika nchi zao mito iliweza kuganda, na chombo hakikupita mpaka barafu ivunjwe. Kwetu hakuna mto wa kuvunjwa. Neno "Karibu" latosha.

Ajabu ni hii. Katika lugha zile mbili, moyo wa baridi ni moyo usio na huruma. Lakini kwetu, kwenye jua kali, baridi ina heri yake. Neno baridi na neno burudani yametoka katika shina moja la Kiarabu. Na mwenye hasira twamwombea apoe. Nchi ndiyo iliyoyafundisha maneno.

Msidhani kwamba hayo ni mchezo wa maneno tu. Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann, mzaliwa wa Ujerumani, alikuwa safarini kutoka Rabai kwenda Uchaga. Akaona kitu cheupe juu ya mlima, kama wingu. Akamwuliza kiongozi wake, naye akaliita baridi, basi. Rebmann akafahamu mara moja kwamba ile ni theluji. Lakini huko London bwana mmoja wa elimu, William Desborough Cooley, ambaye hakufika Afrika kamwe, alikataa kwa miaka mingi kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Hata mwaka 1862 Carl Claus von der Decken alipanda Kilimanjaro, na theluji ikamwangukia huko huko.

Kiongozi yule alitumia neno alilokuwa nalo, nalo lilikuwa kweli. Rebmann alilisikiliza, akauliza moyoni mwake ni kitu gani kiwezacho kuitwa hivyo. Cooley alikuwa na vitabu vingi, lakini neno lile hakulisikiliza.

Basi, mwanafunzi, ukikutana na neno geni, usiliharakishe kuingia katika lugha yako. Uliza kwanza, mwenye neno hili aliona nini, akasikia nini mwilini mwake? Ukisha kujua, tafuta neno lililozaliwa kwenu kwa jambo lile lile. Hapo ndipo utakuwa umetafsiri.