Freddie kabla hajapigwa pasi

Wadau, niko Mahongole, baridi kali, umeme umekatika. Chaji kidogo iliyobaki kwenye simu naimalizia kwa Queen!

Siyo ile Queen ya redioni. Hivi ni vipande vya 1972, walivyorekodi studio za Trident, London, wakisubiri saa ambazo wateja wenye pesa wameondoka. Albamu ilitoka 1973, vipande vikaja kutoka Oktoba 2024 ndani ya boksi la Queen I. Wimbo unaanza, mtu anakosea, wanarudia. Katikati yumo kijana wa miaka 25 hivi, mzaliwa wa Unguja, bado anajaribu sauti yake.

Hapo ndipo niliponyong'onyea. Bibi yangu nilimrekodi hapa hapa kwa ajili ya kipindi, saa nzima. Nikakata kikohozi. Nikakata alipomfukuza kuku, na aliponiuliza kama nimekula. Zikabaki dakika tatu safi, bosi akasifia. Ile saa nzima nikaifuta, nipate nafasi (ujuaji wa ujana huo).

Bibi kazikwa pale nyuma ya mahindi. Dakika tatu ninazo. Hakohoi hata mara moja.