Betri Ilimdanganya Mjomba

Msomaji mpenzi, umewahi kurudishiwa zawadi uliyoitoa kwa moyo mweupe? Mimi yamenikuta. Ilikuwa Jumamosi moja ya mwaka 2017, hapa Mombasa, pale makanga wa matatu iliyotoka Kilifi aliponikabidhi kifurushi kilichofungwa kwa leso kuukuu. Nilipokifungua nilikikuta kile kiredio kidogo cha memori kadi nilichomnunulia mjomba wangu wa Kuruwitu mwaka mmoja kabla. Barua haikuwamo. Kulikuwa na ujumbe wa mdomo tu, ambao makanga aliagizwa aufikishe kama ulivyo: "Mwambie chombo chake kina uongo."

Wewe uliyelelewa pwani unaujua uzito wa jambo hilo. Kwetu zawadi hairudishwi. Hata kikombe kilichovunjika mkono huwekwa kabatini ili aliyekitoa asivunjike moyo. Mama yangu, ambaye mjomba ni kakake mkubwa, siku hiyo hakugusa chakula cha mchana. Aliniuliza swali moja tu: "Umemfanya nini kaka yangu?"

Kwa wasiopajua, Kuruwitu ni kijiji cha wavuvi katika Kaunti ya Kilifi, karibu na Vipingo. Ukiiacha barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi unashika njia ya kuteremkia baharini. Ndiko wanakijiji walikounda chama chao mwaka 2003, na mwaka 2005 wakatenga sehemu ya bahari ya kadiri ya hekta 30 isivuliwe, ili matumbawe na samaki wapumzike. Sehemu kama hiyo huitwa tengefu. Mjomba alikuwa mmoja wa wazee waliokesha kwa zamu kuilinda, na usiku wa zamu ni mrefu. Usingizi hufukuzwa kwa kahawa, kwa mazungumzo na kwa redio.

Kwa miaka mingi redio yake ilikuwa ile ya kanda, kubwa kama sanduku la shule, iliyokula betri nne nene ambazo wengi wetu huziita mawe. Kiwanda cha mawe cha Eveready kilikuwa Nakuru. Kilifunguliwa mwaka 1967 na kikafungwa mwaka 2014. Mjomba aliyajua mawe kama anavyojua upepo. Redio ile haikuwa na alama yoyote ya kuonyesha nguvu iliyobaki, wala hakuihitaji. Mawe yakichoka, kanda huanza kuburuta, na mwimbaji wa kike akatoa sauti nzito ya kiume. Hapo mjomba huizima mara moja, akayatoa mawe na kuyaanika juu ya bati. Jioni yakimpa nyimbo tatu nne zaidi, hushukuru Mungu.

Kanda aliyoipenda kuliko zote haikuuzwa dukani. Ilirekodiwa arusini mwaka 1996, na humo marehemu mkewe anaongoza wimbo huku akina mama wakiitikia. Shangazi tulimzika mwaka 2011. Kanda ikabaki, ikizidi kukwaruza kila mwaka. Ndipo nilipoichukua kwa fundi, akaihamishia kwenye memori kadi, nami nikanunua kiredio kipya cha kuichezea. Kilikuwa chepesi, kilitosha mfukoni, na juu ya kioo chake kulikuwa na picha ya betri yenye vijiti vitatu. Nilimwambia mjomba: "Vijiti vikiwa vitatu, umejaa. Kikibaki kimoja, kachaji." Nikadhani nimemaliza.

Kumbe nilikuwa ndio kwanza nimeanza. Mjukuu wake alipoolewa, mjomba alitaka bi harusi asikie sauti ya bibi yake. Akawanyamazisha watu uwanja mzima. Akatazama kioo: vijiti vitatu. Akaongeza sauti hadi mwisho, akabonyeza. Shangazi akaanza kuimba, akamaliza ubeti wa kwanza, akaingia wa pili, na kiredio kikazimika kimya, kama mtu aliyezibwa mdomo. Mjomba akabonyeza tena. Vijiti vitatu vikatokea, neno moja likasikika, kikazimika tena. Vijana wakaangua kicheko. Jumamosi iliyofuata nikaletewa kifurushi.

Sasa tujiulize, msomaji, chombo kile kilisema uongo au hakikusema? Nilikipeleka kwa fundi wa redio na simu. Aliitoa betri, bapa kama ya simu ndogo za vibonye, akaipima. Ikiwa imetulia, ilionyesha volti 4.1, karibu kabisa na kujaa. Alipowasha kiredio kwa sauti ya juu, volti ziliporomoka hadi 3.2 kwa muda mfupi na chombo kikazimika. Akaigeuza kiganjani, akanionyesha ilivyovimba ubavuni. "Betri hii imezeeka kabla ya siku zake," akasema. "Ilikuwa ikikaa kwenye moto?"

Moto! Nikalikumbuka bati la mjomba. Kesho yake nikapanda matatu.

Nilimkuta chini ya mkwaju akitengeneza wavu. Nikamwamkia, akaitikia bila kuinua macho. Nikamuuliza taratibu: "Mjomba, ile betri ulikuwa ukiianika?" Akanijibu kwa fahari: "Kila Ijumaa. Nilikuwa nikiitunza."

Sikucheka, na wala halikuwa jambo la kuchekesha. Aliitunza kwa elimu aliyokuwa nayo, elimu iliyomfaa kwa miaka 40. Jawe kuukuu likipata joto na mapumziko huamka kidogo, maana dawa zilizo ndani yake huchangamka. Lakini betri ya lithiamu ni kitu kingine kabisa. Joto huila ndani kwa ndani, hasa ikiwa imejaa, na ikizidi huivimbisha. Ikiharibika vibaya yaweza hata kushika moto. Mimi niliyelijua hilo nilimpa chombo bila kumpa maelezo yake. Nikamwomba radhi.

Ndipo akaweka wavu chini, akauliza swali lake: "Haya, jua limeiharibu. Lakini kwa nini ilinionyesha vijiti vitatu?"

Swali hilo huwasumbua hata wasomi. Kiredio rahisi hakina jicho la kuona umeme uliobaki. Hupima volti tu, kisha hukisia. Betri ya lithiamu ikijaa huwa na volti 4.2. Inaposhuka kidogo hufika karibu na 3.7, na hapo hukaa muda mrefu ikishuka polepole mno. Mwishoni huanguka ghafla kuelekea 3, na chombo hujizima ili betri isiharibike. Nikamtolea mfano wa pale pale kwao. Maji yakipwa unaweza kutembea kutoka ufuoni kuelekea mwambani hatua nyingi sana na maji yako magotini tu. Anayepima safari kwa kina cha maji atadhani hajaenda popote. Kisha mwamba unakwisha.

Mjomba akatikisa kichwa. "Yaani ni magotini, magotini, magotini, halafu kilindi."

"Ndiyo hasa, mjomba."

Na betri iliyozeeka ina ila mbili zaidi. Kwanza, ni pishi iliyopungua: ukiijaza imejaa kweli, na alama husema imejaa, lakini kilichomo si kile cha mwaka jana. Pili, huchoka inapobebeshwa mzigo. Ikipumzika huonyesha volti nyingi. Ukidai sauti kubwa, volti huanguka. Ndiyo maana vijiti hushuka muziki unapopigwa na hupanda tena ukizima. Hiyo si kupona, ni kupumua.

Nilikuwa nimekuja na betri mpya. Usiku ule tukafanya jambo ambalo ningependa nawe ulifanye nyumbani, hasa ukiwa mwanafunzi. Tulikichaji kiredio kikajaa kwa sola ya jirani, tukakiwasha saa 2 usiku kwa sauti ya kawaida ya zamu, na mjomba akaandika kwa chaki mlangoni kila kijiti kilipoanguka. Vijiti vitatu vilidumu muda wa saa 5 na dakika 40. Viwili vilidumu saa 1 na nusu. Kimoja kilidumu dakika 25 tu. Jumla ni saa 7 na dakika 35.

Tazama hesabu hiyo. Mtu yeyote angedhani kila kijiti ni theluthi ya safari, yaani saa mbili na nusu hivi. Kumbe cha kwanza kilibeba karibu robo tatu ya usiku, na cha mwisho hakikutosha hata kuchemshia maharagwe. Usiku wa pili tulirudia kwa sauti ya juu kabisa, kama ya arusini, na kiredio kikazimika baada ya saa 3 na robo. Betri ilikuwa ile ile na vijiti vile vile, ila mlaji alikula zaidi.

Hapo ndipo ahadi za kwenye maboksi zinapotupotosha. Betri iliyoandikwa miliampea-saa 1,000 yaweza kutoa miliampea 100 kwa saa 10. Ukiidai 250, itakupa saa 4. Mwenye kiwanda huhesabu saa zake kwa namna yake. Wewe hupiga taarabu uwanjani. Wote wawili mnaweza kuwa mnasema kweli, na bado arusi ikaharibika.

Usidhani pia kwamba ni sisi tu wa vijijini tuliolalamika. Kampuni ya Sony ilipoitoa Walkman mwaka 1979, ilitumia betri mbili ndogo ambazo mwenyewe uliweza kuzibadilisha. Betri za lithiamu za kuchaji ziliingia sokoni mwaka 1991, na wanasayansi watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019 kwa kazi iliyozizaa. Apple ilipoitangaza iPod Oktoba 2001, iliahidi saa 10 za muziki, lakini betri ilikuwa imefungiwa ndani. Wateja wengi Marekani walilalamika kwamba haidumu, wakaenda mahakamani, na mwaka 2005 kesi ikamalizwa kwa maafikiano, wakiwemo waliopewa hati za ununuzi za dola 50. iPod ilikoma kutengenezwa mwaka 2022. Mjomba alikosa wakili tu. Dai lake lilikuwa la haki.

Leo muziki wa wengi umo kwenye simu. Simu nyingi hazipimi volti peke yake, huhesabu pia umeme unaoingia na unaotoka, kama muuza duka na daftari lake. Lakini daftari huteleza, makosa madogo yakajilimbikiza, ukaona asilimia 20 kisha giza. Dawa yake ni kuitumia simu mara moja moja hadi ijizime, kisha kuijaza bila kuikatiza. Fahamu tu kwamba hilo hurekebisha hesabu, haliiponyi betri. Kulifanya kila siku ni kuichosha bure.

Mengine ni ya kawaida ya nyumbani. Usiache simu wala kiredio dirishani penye jua au ndani ya gari lililofungwa. Chombo usichokitumia kwa miezi usikiweke kikiwa kitupu wala kikiwa kimejaa pomoni, nusu inatosha. Ukiweka betri za kuchaji zenye volti 1.2 kwenye chombo kilichotengenezwa kwa mawe ya volti 1.5, usishtuke alama ikisema zimepungua nawe umetoka kuzijaza. Betri iliyovimba usiitoboe wala usiitupe jikoni. Iondoe, uipeleke kwa fundi. Na baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa, betri yoyote hupungua. Kupungua huko ni uzee, wala hakuna aliyekuloga.

Nilipoondoka Kuruwitu siku ya tatu, mjomba alikichukua kiredio kutoka mkononi mwangu, akakifunga kwa ile ile leso kuukuu, akakitia mfukoni. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Mwambie mama yako nimekula vizuri." Nilipomfikishia mama maneno hayo, alikwenda jikoni akajipakulia.

Alama za chaki bado ziko mlangoni kwake. Kila baada ya miezi michache huipima upya betri, akafuta na kuandika, na saa zikipungua sana huniagiza nyingine. Vijiti havitazami tena. Na ule wimbo wa shangazi, ambao zamani aliuweka mwisho kama kitafunio cha kulalia, siku hizi huupiga wa kwanza, mara tu anapoketi, betri ikiwa imejaa kweli.