Lenzi Iliyokaa Usawa wa Tumbo

Mpiga picha mmoja wa Tanga, aliyeanza kazi ya studio miaka ya 1970, hakuwa na haja ya kuinua kamera usoni. Rolleiflex yake, aina iliyotoka Ujerumani mwaka 1929, ilining'inia shingoni na kukaa usawa wa tumbo, naye akiinama kuchungulia kioo cha juu. Humo kulia kulikuwa kushoto. Filamu moja ilitoa picha 12 tu, kwa hiyo hapakuwa na mzaha.

Kwa kuwa lenzi ilikuwa chini, mteja alionekana kama ameinuliwa kidogo. Mfupi alirefuka, na bwana harusi mwenye koti la kuazima akatoka kama mwenye mali. Hadi leo, ukizitazama picha hizo sebuleni, wao ndio wanaokutazama kutoka juu.

Hollywood nako walilijua hilo. Katika filamu ya Citizen Kane ya mwaka 1941, mwongozaji Orson Welles na mpiga picha wake, Gregg Toland, walichimba sakafu ili kamera ishuke zaidi. Ajabu ni kwamba waliitumia pembe hiyo kumwonyesha Kane, mhusika mkuu, usiku aliposhindwa uchaguzi: mtu ni mkubwa, lakini dari imemkalia kichwani. Pembe ya chini, basi, haimtukuzi kila mtu.

Baadaye zikaenea kamera ndogo za filamu ya milimita 35, zinazowekwa jichoni. Picha zikawa za ana kwa ana.

Kisha simu. iPhone 4 ya mwaka 2010 ilikuja na kamera ya mbele, na watu wakazoea kunyoosha mkono juu na kujipiga selfi. Macho hukua, kidevu hupungua, na anayepigwa sasa humtazama mtazamaji kwa kuinua uso. Mzee wa Tanga hulalamika kwamba vijana wote wanaonekana kama waombaji. Ana haki nusu tu. Zamani yeye ndiye aliyeamua kidevu cha mteja kikae wapi, leo mwenye uso ndiye mwenye kamera.

Asiye na uamuzi bado ni mtoto, au bibi aliyeketi mkekani, anayepigwa na mtu aliyesimama wima. Ukitaka kuwapiga picha, piga goti kwanza, lenzi ifike usawa wa macho yao.